Kusindikiza Wageni wa Ijumaa

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alikuja sebuleni na birika la chai ya tangawizi, akajaza vikombe vinne, akasimama kidogo mlangoni, kisha akarudi jikoni. Baada ya muda akaniita kana kwamba sukari imekwisha. "Baba watoto," akaniambia kwa sauti ya chini, "yule shemeji akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, mwenzake anatoa kopa. Akikishika kwa wa kulia, mwenzake anatoa shupaza. Nimewatazama mara tatu."

Nilirudi, nikaketi, nikaziacha karata zangu nikatazama vikombe. Ilikuwa kweli.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, Njombe. Anayeujua mji wetu anajua maana ya mwezi wa saba. Tuko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi sakitu hulala nyeupe juu ya bustani za viazi. Watu wazima wanavaa makoti mazito na kofia za sufu, na saa mbili usiku mitaa imekwisha kunyamaza. Karata za nyumbani kwangu zilizaliwa na baridi hiyo: watu wanne mezani, mara nyingine wawili zaidi wakingojea zamu, jiko la mkaa pembeni, chai, viazi vya kuchemsha na chumvi. Njombe ni mji wa makanisa, makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na ya Jimbo Katoliki pia, na wapo majirani ambao kwao karata ni mambo ya wahuni wa kijiweni. Niliwaelewa. Kijiweni hakuna mwenyeji. Mtu akimtukana mwenzake, wote ni wapita njia, kila mmoja anatazama upande wake. Nyumbani kuna mtu mmoja ambaye kila kinachotokea mezani kinamhusu, kwa sababu meza ni yake na mlango ni wake.

Mchezo wetu ni wahedusitini. Ree ina 11, seti, yaani saba, ina 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa pili ana 2. Hiyo ni 30 kwa kila aina, na aina ziko nne, jumla 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kiarabu, moja na sitini. Maneno mengine ya mchezo yana asili nyingine. Kopa, uru, shupaza, pau, turufu, hata karata yenyewe, yote ni ya Kireno, yaliyobaki midomoni mwa watu wa Pwani tangu enzi za wale waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Wenza wawili hukaa wakitazamana, wapinzani pembeni mwao, na sheria iliyo juu ya sheria zote ni kwamba mwenza hamwambii mwenza kilichomo mkononi mwake, kwa neno wala kwa jicho. Ukiiondoa hiyo, kinachobaki ni watu wawili wanaowapotezea muda wengine wawili.

Mimi mchezo huu niliupata Makambako, na Makambako iliupata kwa reli. Baba yangu alifanya kazi TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Makambako ni njiapanda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita pale, na pale pale inachepuka ile ya Njombe na Songea. Mji wa namna hiyo hupokea watu kutoka kila upande, na kila mtu huja na kitu chake. Fundi mmoja kutoka Tanga alikuja na pakiti ya karata zilizolainika kama kitambaa, akamfundisha baba, na baba akawafundisha wengine. Walicheza kwetu, chumba cha mbele, juu ya mkeka, huku upepo wa Makambako ukisukuma vumbi chini ya mlango.

Nilikuwa mtoto wa kushika taa ya chemli. Usiku mmoja mgeni alipiga ngumi mkekani, akamwita mwenza wake jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba yetu. Chumba kikanyamaza. Nilimtazama baba, nikingoja amfukuze. Baba akakusanya karata zote, hata zile zilizokuwa mikononi mwa watu, akaanza kuzichanga. Alizichanga polepole sana, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, bila kumtazama mtu. Alipomaliza akasema, "Mama, tuletee chai." Wakanywa. Mchezo ukaanza upya, kimya kimya, ukaisha.

Wageni walipoaga, baba alimsindikiza yule mtu. Mimi nilitangulia na taa. Tulitembea mpaka karibu na reli ndipo baba akasema, "Bwana, kwangu una kiti. Lakini lile neno la leo watoto wangu wamelisikia. Nakuomba Jumamosi uje bila lile neno." Yule mtu alisimama. Akasema, "Mzee, nimekosa." Wakapeana mikono, tukarudi. Jumamosi alikuja, na alikuja na kilo ya sukari.

Nimewaza sana juu ya matembezi yale. Kusindikiza kwetu kuna kazi kubwa zaidi ya heshima ya mlangoni. Mgeni anayeondoka amekwisha kula, amekwisha kuaga, hana tena cha kutetea mbele ya watu. Mnatembea bega kwa bega, hamtazamani usoni. Giza linaficha aibu. Neno zito likishasemwa, kuna hatua mia mbili za kulizungumza au kulinyamazia, kisha kila mmoja anashika njia yake. Sijaona mahali pengine panapofaa kumwambia mtu mzima kwamba amekosea.

Basi, nilipokuwa mwalimu Njombe na nyumba yangu ikawa na meza yake, nilidhani nimekwisha kuirithi hekima yote ya baba: mgeni hasahihishwi mbele ya wageni, anasindikizwa. Nilikuwa nimeirithi nusu.

Mwaka 2009, Njombe ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, tulikuwa tumeanza kuweka fedha kidogo mezani. Shilingi 500 kwa mchezo. Nilijiambia ni za kuchangamsha. Alikuwapo mgeni mmoja mfanyabiashara wa mbao, mtu mkarimu, mcheshi, aliyekuwa ametoka kuuza shamba zima la misonobari. Alikuwapo pia kijana mmoja fundi seremala, mpole, ambaye kiti chake kilikuwa kile cha karibu na mlango kwa sababu ndiye aliyefika wa mwisho siku zote, akitoka kazini na vumbi la mbao nyweleni.

Usiku ule mfanyabiashara alipendekeza 1,000. Kisha 5,000. Kijana akasema kwamba kwake inatosha, akaanza kuinuka. "Kaa bwana," mfanyabiashara akamwambia akicheka, "au mpaka ukaombe ruhusa nyumbani?" Wengine wakacheka. Mimi pia nilitabasamu. Kijana akakaa. Ikawa 10,000. Ikawa 20,000. Niliona mkono wake ukiingia mfuko wa ndani wa koti, ule mfuko ambao mtu haweki fedha za chai, na nilijua kabisa ninachokiona.

Nami nikajiambia: nitamsindikiza mfanyabiashara, nitamwambia.

Na nilimsindikiza. Nilimwambia kwa upole kwamba amemsukuma kijana wa watu, naye alinisikiliza, akakiri, akasema amechukuliwa na furaha. Tulizungumza vizuri sana. Tulipokuwa tunazungumza vizuri hivyo, kijana alikuwa anatembea peke yake upande wa pili wa mji, mfuko ukiwa mtupu, na hapakuwa na mtu wa kumsindikiza.

Asubuhi mkewe alikuja na mtoto mgongoni. "Kamwene," akasalimia. Nikamwitikia, nikamkaribisha. Alikaa ukingoni mwa kiti. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniuliza kama mume wake hakudondosha fedha nyumbani kwangu, labda chini ya kiti, maana ni fedha za mbegu ya viazi, na vinyungu vimekwisha kulimwa. Wasioijua nchi yetu niwaambie: vinyungu ni matuta ya mabondeni yanayolimwa kiangazi, penye unyevu, na ndiyo chakula na ada za shule za nyumba nyingi kati ya mavuno na mavuno. Bonde likikauka kabla hujapanda, umekwisha.

Aliinama akatazama chini ya kiti cha karibu na mlango. Mimi nilisimama nikimtazama akitafuta.

Nilimwambia ukweli. Nilimpa nilichokuwa nacho, ambacho hakikufika nusu. Nikaenda kwa mfanyabiashara, naye akatoa fedha zote bila ubishi. Nilipompelekea kijana karakanani, alizitazama, akaendelea kupiga randa. "Mwalimu," akasema, "hizo nimezipoteza kwa mkono wangu. Nikizipokea, nimekuwa mtoto." Mkewe alizipokea baadaye kwa mke wangu, bila mumewe kujua, wakapanda wakiwa wamechelewa. Lakini kijana hakurudi mezani kwangu tena.

Nilirudia usiku ule kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikagundua kwamba siku ya lile neno la mkekani, baba hakungoja barabara. Kwanza alisimamisha mchezo. Alikusanya karata mikononi mwa watu wazima, jambo ambalo hakuna mchezaji anayelipenda, na hakuuliza ruhusa. Aliyetukanwa hakulazimika kutukana ili kulinda heshima yake, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuilinda. Maneno ndiyo yaliyongoja barabara. Mimi nilikuwa nimekumbuka matembezi na taa, nikasahau karata zilizokusanywa.

Kosa linalonigusa mimi naweza kulisamehe, kulichelewesha, kulipeleka gizani. Kosa linalomwumiza mgeni mwingine si langu kulichelewesha. Lile naliita kosa la mezani, na dawa yake iko mezani, wakati ule ule, hata kama chai itapoa na watu wataondoka wamenuna. Ningesema maneno manne tu: "Kwangu ni mia tano." Hakuna ambaye angeaibika kwa hayo. Kijana angepata mlango wa kutokea, na mfanyabiashara angecheka akaweka 500 yake.

Tangu hapo fedha hazijawekwa tena mezani. Nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake ya kusimamia, na mwalimu hana sababu ya kuigeuza sebule yake kuwa jambo la kuulizwa. Lakini sikuacha kwa sababu ya sheria. Niliacha kwa sababu ya yule mama aliyeinama chini ya kiti.

Sasa turudi kwenye vikombe, miaka kadhaa baadaye, mkoa wetu ukiwa umekwisha kuzaliwa mwaka 2012 na meza yangu ikiwa haina hata senti. Kwa nini mtu adanganye pasipo na cha kushinda? Sikujua. Nilichojua ni kwamba nina macho ya mke wangu na ya kwangu, basi, na mtu akikanusha kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, utasema nini? Tuhuma ya namna hiyo ni moto. Mwaka 1965, Buenos Aires, kwenye mashindano ya dunia ya mchezo wa bridge, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walituhumiwa kwamba wanaambiana idadi ya kopa walizonazo kwa jinsi vidole vilivyoshika karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani. Uchunguzi wa kwao Uingereza ukatoka mwaka 1966 ukisema hatia haikuthibitika. Watu wenye mashahidi, wanasheria na maandishi walishindwa kukubaliana. Mimi nitasimama na birika? Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Bermuda, wenzetu wa bridge waliweka kiambaza katikati ya meza ili wenza wasionane, na Waitaliano wawili wakaonekana wakigusana miguu chini yake. Ikabidi iwekwe meza ndogo chini ya meza kubwa.

Sikuwa na kiambaza, wala sikukitaka sebuleni. Lakini wazo lake lilikuwa jema: badala ya kumtafuta mwongo, ondoa nafasi ya uongo. Mwenza wangu, mzee wa kanisa anayepiga hesabu ya pointi zake kwa vidole taratibu, alikuwa anapunjwa, na hilo lilikuwa kosa la mezani. Mchezo ule ulipokwisha nikakusanya karata. Nikasema, "Kuanzia sasa wenza tunawapata kwa kura, kila mchezo. Anayevuta karata kubwa na anayemfuata wanakaa pamoja." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Karata zikavutwa, wale wawili wakatengana, na kikombe cha shemeji kikabaki kikombe cha chai.

Kisha nikamsindikiza. Baridi ilikuwa kali, tochi ya simu yangu ikionyesha pumzi zetu. Tulipopita kona ya duka nikasema, "Kaka, nimeona ule mkono wa kikombe. Nimeona mimi na aliyeleta chai. Mwingine hajui, na hatajua."

Alitembea hatua nyingi bila kujibu. Nilidhani atakana. Kisha akasema, "Mwalimu, sakitu imenichomea viazi vyote vya bondeni. Parachichi nilizopanda hazijaanza kuzaa. Mwaka huu sijashinda kitu chochote. Kitu chochote."

Tulisimama pale. Nilimwuliza kuhusu viazi, ni eneo kiasi gani, kama mbegu ya kurudia anayo. Tukazungumza mbegu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipomwacha nikamwambia, "Ijumaa." Akasema, "Ijumaa."

Makosa mengine ni madogo, na mengi yanaondoka yenyewe mwenyeji akiwa na msimamo. Simu zinakaa kwenye ungo juu ya kabati. Mzee anayefikiri taratibu haharakishwi, na anayeguna akimngoja nampa kazi ya kuongeza viazi kwenye sahani. Masika, wakati wa ulanzi, pombe ya mianzi, kuna anayefika miguu ikiwa haimtii. Huyo anapewa kiti cha karibu na jiko na kikombe cha chai, hapewi karata, na mmoja wetu anamfikisha kwake mpaka mlangoni. Akitokea anayemcheka aliyeshindwa, nasimamisha mchezo, kila mara, tangu mwaka ule wa 2009.

Jambo moja halijadiliwi kabisa. Jiko linawashwa nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu, na likiingia ndani dirisha moja linabaki wazi usiku kucha, mgeni anune asinune. Sumu ya mkaa haina harufu, na katika nchi ya baridi kama yetu watu wamelala wakiota moto wasiamke. Mgeni mmoja alizoea kuinuka na kulifunga dirisha hilo. Mara ya kwanza nililifungua. Mara ya pili nilitoa jiko nje, tukacheza tukitetemeka. Hakulifunga tena.

Mwaka jana nilishuka Makambako kutazama nyumba ya baba. Nikiwa stendi nangojea gari la kurudi Njombe, mtu mwenye mvi kidogo alinigusa bega. "Shikamoo, mwalimu." Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Alikuwa na karakana yake mwenyewe sasa, hapo hapo Makambako, na watoto wawili sekondari. Aliniingiza mgahawani, akaagiza chai na chapati, akalipa kabla sijafika mfukoni.

Nilimwambia nililopaswa kulisema usiku ule. Kwamba niliuona mkono wake ukiingia mfuko wa ndani, na nikanyamaza, na nikamsindikiza mtu asiyestahili kusindikizwa. Alisikiliza akizungusha kikombe. Upepo ulikuwa unatikisa bati la mgahawa, ule ule wa utotoni.

"Bado mnacheza Ijumaa?" akauliza.

"Bado."

"Kiti cha mlangoni anakaa nani?"

"Tunavuta kura," nikasema. "Yeyote."

Konda wa gari la Njombe alianza kuita abiria. Akainuka, akabeba mfuko wangu, tukatembea pamoja kuvuka stendi mpaka mlangoni mwa gari, akasimama hapo hadi lilipoondoka.